Vitabu vya Kusomeana: Kumbukumbu za Pwani ya Kisimayu

Kupeana vitabu, katika pwani ya Kisimayu na visiwa vya Wabajuni, kulikuwa hasa kusomeana. Nakala zilikuwa chache, waliojua kusoma wachache, na unyevu wa bahari uliila karatasi mapema. Kitabu kilichopendwa kilikaa nyumbani kwa mtu mmoja lakini kilijulikana mtaa mzima: mwenye sauti alikisoma, wengine wakasikiliza, wakamkatiza, wakauliza, wakabisha. Mtu asiyejua hata herufi moja aliweza kutaja kitabu akipendacho, na kutaja pia pale kinapomchosha.

Visiwa vyenyewe vimejipanga sambamba na pwani, kuanzia karibu na Kisimayu na kushuka kusini kuelekea Ras Kiamboni, mpakani na Kenya: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vingine vidogo. Kibajuni kinachosemwa huko ni ndugu wa Kiamu na Kipate, na hakuna ukoo usio na jamaa Faza, Kizingitini au Lamu. Hadi 1925, Uingereza ilipoikabidhi Italia nchi ya ng'ambo ya mto Juba, Kisimayu na Lamu zilikuwa chini ya utawala mmoja. Na baada ya mpaka kuwekwa, mashua ziliendelea kupita kama kwamba haukuwekwa. Upande wa bara ni malisho ya Wasomali wafugaji. Kaskazini iko Barawa, yenye lugha yake ya Chimini. Madukani walikuwapo watu wa Hadhramaut na Wahindi, na katika ofisi Kitaliano kilikuwa bado kinasikika. Mtoto aliyezaliwa hapo mwishoni mwa miaka ya 1950, kama mwandishi wa kumbukumbu hizi, alikulia ndani ya tamaduni za wengine kabla ya kuambiwa kwamba ni za wengine.

Jambo la karibuni ndilo lililozifufua kumbukumbu zenyewe. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, na mwaka uliofuata riwaya yake ya 1994, Paradise, ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kikundi kimoja cha wasomaji ughaibuni, mchanganyiko wa Waswahili na Wasomali, kiliisoma, kisha kikakubaliana kwamba mara ijayo kila mmoja alete kitabu anachokipenda ambacho si cha watu wake. Kwa aliyelelewa na maktaba hilo si gumu. Kwa Mbajuni wa Kisimayu lilikuwa gumu kwelikweli, maana vitabu vyake vyote vya mwanzo vilitungwa na watu wengine, na vyote alikwisha kuvihesabu kuwa vyake.

Cha kwanza kilikuwa Maulidi ya Barzanji. Mtunzi wake alikuwa mufti wa Madina katika karne ya 18. Lakini kwa watoto wa Kisimayu kilikuwa kitabu cha harufu ya udi, cha halua na kahawa, cha usiku ambao hakuna aliyewahimiza kulala. Pamoja nacho ilikuwapo Hamziya, kasida ya Imamu Busiri wa Misri, ambayo karne kadhaa baada yake Sayyid Aidarusi bin Athumani wa Pate aliitia katika Kiswahili cha kale. Kiswahili hicho kilikuwa kizito hata kwa watu wazima, na mzee aliyekuwa akikisoma barazani alilazimika kukifasiri tena papo hapo kwa Kibajuni. Shairi la Misri lilifika Kisimayu likiwa limepita Pate, na lilipofika halikuonekana na mtu yeyote kuwa la kigeni. Waandishi wanaohubiri siku hizi kwamba inatupasa tuanze kusoma vya wenzetu wangefaa kukaa kitako katika baraza ile usiku mmoja tu.

Wanawake walikuwa na chao. Utendi wa Mwana Kupona, ambao mke huyo wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, alimtungia binti yake Mwana Hashima mwaka 1858, haukuhitaji karatasi ndani ya nyumba. Bibi mmoja jirani aliujua kwa moyo, akawa anaukariri akisuka ukili, na mabinti waliokuwa wakimsaidia wakaushika beti kwa beti. Wengi wao hawakukubaliana na yote yaliyomo. Kulikuwa na mahali katika wasia ule, pale mama anapoeleza namna ya kumtumikia mume, ambapo vicheko vilizuka na bibi mwenyewe akatabasamu bila kuacha kusoma. Walikipenda kitabu na kukibishia kwa wakati mmoja, na hakuna aliyeona kwamba jambo moja linabatilisha la pili. Wasomaji wengi waliokwenda shule huchukua miaka kufika hapo.

Vitabu vya chapa vilikuja kwa mashua kutoka Mombasa, vikiwa katikati ya magunia na makopo ya mafuta: Hekaya za Abunuwasi, vipande vya Alfu Lela Ulela, baadaye Kusadikika cha Shaaban Robert. Abunuwasi ndiye aliyetawala. Mshairi halisi wa Baghdadi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, amekwisha kugeuka katika pwani hii kuwa mjanja wa mtaani anayewadhihaki masultani na makadhi. Mwanafunzi mmoja Msomali, mtoto wa wafugaji aliyeletwa mjini kusoma na kukaa kwa jamaa, alisikiliza hekaya hizo kwenye ngazi za nyumba ya jirani, akacheka, kisha akalipa. Alileta habari za Cigaal Shidaad, yule mwoga maarufu wa hadithi za Kisomali ambaye gizani huona kisiki akadhani ni simba, akaanza kukibembeleza. Akaleta na Arraweelo, malkia wa kale aliyewatesa wanaume. Watoto wa Kibajuni walimpenda Cigaal kuliko Abunuwasi, kwa sababu ambayo haikuwa siri: Abunuwasi huwashinda watu kwa akili ambayo msikilizaji hana, lakini hofu ya Cigaal kila mtu anayo. Hapo paliingia jambo ambalo mwandishi amelishuhudia mara nyingi baadaye, kwamba aliyepewa hadithi nzuri hawezi kukaa kimya. Anatafuta yake airudishe. Anayepokea tu bila kuulizwa ana nini, urafiki wake na kitabu hudumu, ila na mwenye kitabu haudumu.

Oktoba 1972 serikali ya Somalia ilichagua herufi za Kilatini kuandikia Kisomali, na muda si mrefu shule zikahamia katika lugha hiyo. Kwa Wabajuni, ambao Kisomali chao kilikuwa cha sokoni, mwanzo ulikuwa mgumu. Kisha mwaka 1974 shule zilifungwa kwa mwaka mzima, na wanafunzi na walimu zaidi ya 20,000 wakatawanywa nchini kuwafundisha wafugaji kusoma na kuandika. Mwito uliobandikwa ukutani ulisema, kwa maana yake, ajuaye afundishe na asiyejua ajifunze. Ndivyo kijana wa pwani, ambaye nyumbani alikuwa akichekwa kwa matamshi yake ya Kisomali, alivyopelekwa bara, upande wa Afmadow, na ubao mweusi begani kuwafundisha Wasomali lugha ya Kisomali.

Mpango ule ulikuwa na kasoro zake, na ukame mkubwa wa mwaka ule uliwafanya watu wengi wafikirie maji na mifugo kuliko alfabeti. Hata hivyo, hakuna shule iliyomfundisha mwandishi zaidi ya miezi ile. Mchana alifundisha herufi chini ya mti. Usiku mambo yaligeuka, mwalimu akawa mwanafunzi. Wazee walisoma gabay, mashairi marefu yanayoshikiliwa na sauti moja inayorudi mwanzoni mwa maneno, mstari baada ya mstari, hadi mwisho. Sikio lililozoea kungoja kina mwishoni mwa kipande halikusikia chochote kwa siku nyingi za mwanzo. Lilikuwa likisubiri mlangoni ambako mgeni hapiti. Mzee mmoja, kipofu wa jicho moja, aliona kijana anatikisa kichwa kwa adabu tu, akamkataza. Akamtaka ashike sauti ile peke yake, aachane na maana. Ilipokamatika, shairi lote likafunguka, na maana ikaja yenyewe.

Zamu ya mgeni ilipofika, alisimulia kisa cha Fumo Liyongo, kwa namna alivyokipata katika utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 na kwa namna wazee wa visiwani walivyokisema, maana hazilingani. Shujaa asiyedhurika kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni. Mwanawe anadanganywa, anaitoa siri kwa baba, anamchoma usingizini. Pwani, hapo ndipo watu hulia: mtoto kumuua baba. Wafugaji waliguna kwa adabu. Kilichowainua kwenye mikeka ni kile kinachofuata, ambacho pwani hupitwa haraka: Liyongo anaamka, anachukua upinde, anakwenda kupiga goti kisimani na kufa hapo akiwa amelenga, na watu wa mji kwa siku kadhaa hawathubutu kuteka maji wakimdhani hai. Maswali yakamiminika. Kisima kilikuwa cha nani? Hapakuwa na kingine? Wanyama walikunywa wapi? Mama mmoja alisema, "Rudi hapo kisimani." Kwao hicho ndicho kilikuwa kisa, mengine yote ni utangulizi. Mwandishi alilisikia shairi la kwao kwa mara ya kwanza usiku ule, kwa masikio ya watu ambao hawajaiona bahari.

Miaka iliyofuata inaweza kupitwa upesi. Jioni barazani Kisimayu redio iliwekwa BBC ya Kisomali, kisha ya Kiswahili, idhaa mbili zilizoanza mwaka mmoja, 1957. Kazi ikapatikana, watoto wakazaliwa. Mwaka 1991 serikali ilianguka, na vita vikafika Kisimayu na visiwani. Wabajuni, wasio na silaha wala jeshi la ukoo, waliporwa mashua na nyavu. Waliobaki na chombo walijaza jamaa zao na kuelekea kusini. Hakuna aliyepakia kitabu. Misahafu ilichukuliwa, na vitu vya kupikia, na maji.

Wengi waliishia Jomvu, nje kidogo ya Mombasa, katika kambi iliyokuwa hasa ya Wabajuni. Wavuvi wasio na bahari ni watu wa kusikitisha sana kuwatazama. Wanaamka alfajiri kwa mazoea, wanatazama upepo, kisha hawana la kufanya nao. Nahodha aliyekuwa akifuata kasa kwa chazo, yule samaki mwenye kunata anayefungwa kamba mkiani na kuachwa amshike kasa, alikaa mchana kutwa akifunga na kufungua mafundo ya kipande kimoja cha uzi.

Katika kambi hiyo kilipatikana kitabu kimoja kilichochakaa, bila jalada, alichokileta mwalimu mmoja wa Mombasa: Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya kisa cha Robert Louis Stevenson. Mwandishi alipewa kazi ya kukisoma baada ya isha. Wasikilizaji wa kwanza walikuwa watoto, kisha manahodha wakasogea wakijifanya wanawatafuta wajukuu, kisha wakawa wao ndio wanaowanyamazisha watoto.

Hukumu zao zingemstaajabisha mtunzi. Habari ya ramani hawakuijali. Mtu aliyezaliwa Chovai haoni ajabu kwamba mahali pana alama zake. Waliloshindwa kulimeza ni namna chombo kilivyopata mabaharia. Bwana mwenye safari anafika bandarini, anakutana na mpishi wa mguu mmoja asiyemjua, anamwachia amchagulie watu! "Huyo mwenye chombo hana ndugu?" aliuliza nahodha wa kasa. Kwa saa nzima kitabu kilifungwa na mjadala ukawa juu ya namna ya kuajiri mabaharia: kwamba humchukui mtu ambaye humjui mamake, kwamba mpishi ndiye wa kuchunguzwa kwanza maana chakula cha wote kipo mkononi mwake. Maasi yalipotokea katika sura za mbele, hakuna aliyeshtuka. Walikuwa wamekwisha kusema. Lakini Long John Silver mwenyewe walimpenda, na walifurahi alipotoroka mwishoni, kwa kuwa alijua kazi yake na alijua kusema na watu.

Jambo hilo linafaa kutuliwa kidogo. Watu waliokuwa wamepoteza karibu kila kitu walikipokea kitabu cha Mskoti aliyefariki 1894 wakiwa mabingwa wa jambo ambalo kitabu kinalizungumzia, na walikitathmini hivyo. Hawakujiuliza kama ni heshima au ukoloni kusoma kisa cha Wazungu wanaotafuta dhahabu ya watu. Swali hilo lina mahali pake, na mwandishi amelisikia likijadiliwa vizuri katika vyuo vikuu. Ila kumthamini mtu wa utamaduni mwingine huanza mapema zaidi, pale unapomchukulia kuwa anajua kazi au haijui, na ukamwambia. Manahodha wa Jomvu walimfanyia Stevenson heshima hiyo ya kumkosoa kama mwenzao.

Mombasa hiyohiyo walikuwapo wakimbizi wa Barawa, nao wakiwa na kambi yao. Katika matanga ya mtu mmoja aliyeoa huku na huku, mwanamke wa Kibarawa alisoma utenzi wa Dada Masiti, yule mshairi mwanamke wa Barawa aliyefariki akiwa mzee sana mwaka 1919. Wabajuni walielewa nusu. Nusu ya pili waliulizana kwa minong'ono, na kwa kuwa utenzi unahusu mauti na yaliyo baada yake, hakuna aliyeona aibu kuomba urudiwe. Miaka mingi baadaye, mwaka 2018, mashairi ya dini ya Barawa yalitolewa na Alessandra Vianello, Lidwien Kapteijns na Mohamed Kassim katika kitabu kikubwa chenye matini na tafsiri ya Kiingereza. Ni kazi ya kushukuriwa, na bei yake si ya mfuko wa Mbarawa wa kawaida.

Kambi za Mombasa zilifungwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Baadhi ya watu walirudishwa visiwani, baadhi walitawanyika mijini, baadhi walifika Ulaya. Huko utamaduni wa Kibajuni ukapata matumizi mapya. Katika nchi moja ya Ulaya, mwandishi aliitwa mara kadhaa kufasiri mahojiano ya waomba hifadhi. Afisa alikuwa na karatasi ya maswali: taja visiwa kwa mpangilio, taja samaki, taja visima, sema maneno haya kwa Kibajuni. Sauti ilirekodiwa na kupelekwa kwa wachambuzi wa lugha. Serikali ina haki ya kujua anayeingia nchini ni nani, na wapo waliojitia Ubajuni wasiokuwa nao. Hata hivyo msichana aliyezaliwa Chula na kulelewa Mombasa, akisema Kiswahili cha Mombasa kwa sababu ndicho alichokulia, alikaa mbele ya karatasi ile akaonekana mwongo kwa kutojua jina la kichaka. Maswali yaleyale, yakiulizwa na mtu anayetaka kujua, yangemfanya azungumze hadi usiku kuhusu bibi yake.

Hapo ndipo kitabu cha Vinigi Grottanelli kilipoonekana kwa sura nyingine. Mwanaethnolojia huyo Mtaliano aliishi na Wabajuni mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1955 akachapisha Roma Pescatori dell'Oceano Indiano, wavuvi wa Bahari ya Hindi. Nakala ilipatikana kwa kuazima. Mzee mmoja wa Kisimayu, aliyekuwa karani na kujifunza Kitaliano wakati wa udhamini wa Italia, kati ya 1950 na 1960, aliisoma kwa sauti sebuleni na kuifasiri kwa Kibajuni, na chumba kikajaa. Walimkatiza kila ukurasa. Hapa amekosea, hapa aliyemwambia alikuwa anamtania, hapa kweli kabisa, mamangu alifanya hivi. Kulikuwa na ghadhabu pia, na halali: kwa nini kitabu kikubwa kuhusu baba zao kimekaa muda wote huo katika lugha ambayo wajukuu hawana? Lakini mgeni yule alikuwa ameuliza ili ajue, na tofauti hiyo ilisikika hata kupitia tafsiri ya haraka ya karani mstaafu.

Katika kikundi cha wasomaji, siku ilipofika, mwanachama mmoja Msomali alileta Peponi ileile, akisema kwamba Yusuf, mtoto anayewekwa rehani kwa deni la babake, alimkumbusha mambo aliyoyasikia kwao. Mwandishi alileta vitu viwili, kinyume cha masharti: Kisiwa chenye Hazina, na gabay moja aliyoipata Afmadow, ambayo haikuwa kwenye karatasi. Wasomali waliokuwapo walisahihisha matamshi yake. Kisha mmoja akamuuliza Wabajuni wenyewe wana kitabu gani cha kumpa, cha hadithi zao, kilichoandikwa nao. Vitabu vya namna hiyo kwa msomaji wa kawaida ni vichache mno. Vingi vilivyopo ni vya wanaisimu na wanaakiolojia. Ilibidi asimulie.

Kisimayu yenyewe mambo yamepinduka kwa namna ambayo hakuna aliyeitabiri. Mji ulikuwa mikononi mwa Al-Shabaab kuanzia 2008 hadi majeshi ya Kenya na washirika wao walipouingia mwaka 2012. Kuanzia mwisho wa 2014, mpango wa kurejea kwa hiari ulianza kuwarudisha Wasomali kutoka kambi za Dadaab nchini Kenya, na Kisimayu ikawa moja ya miji iliyopokea wengi. Vijana wao walisoma katika shule za kambi kwa mtaala wa Kenya, na Kiswahili lilikuwa somo lao. Kwa hiyo katika mji ambao Kiswahili kilikuwa lugha ya wavuvi iliyodharauliwa na wengine, wapo sasa vijana wa Kisomali wa koo za bara wanaoweza kusoma riwaya ya Kiswahili kutoka jalada hadi jalada, wakati wazee wengi wa Kibajuni wanaokisema tangu kuzaliwa hawawezi. Jamaa waliobaki huko wanaeleza kwamba vijana hao hukaa na wavuvi ufukweni, husema Kiswahili cha vitabu vya shule vya Nairobi, na huchekwa kwa sarufi yao iliyonyooka mno. Vitabu walivyorudi navyo ni vichache na vimechanika. Wakiombwa kusoma, husoma kwa sauti.